Hati ya Bafu Kavu

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Dada kapiga simu saa moja asubuhi, kabla sijanawa uso. Yeye ni mwalimu mkuu, na huzungumza nami kana kwamba nimechelewa mstarini. Kasema hivi: nyumba ipate mtu kufikia Jumapili jioni, la sivyo anakuja na gari kumchukua Mama akaishi kwake. Kwake ni mwendo wa siku nzima. Nikamwomba mwezi mmoja zaidi. Akasema ameshanipa minne. Akakata.

Kweli amenipa minne. Mama alianguka ngazini mwezi wa kumi na moja, kipandio cha saba kutoka chini, na tangu hapo hajashuka. Sisi tunakaa juu. Vipandio ni ishirini na viwili. Miezi minne dunia yake ni vyumba vitatu na dirisha. Mpango ulikuwa kuuza hapa na kupata nyumba ya chini mtaa huuhuu, asitengane na watu wake. Mpango mzuri. Wanunuzi ndio hawana akili.

Dalali kaja saa nne. Kapita vyumba vyote akinusa. Kasema nyumba hununuliwa kwa macho, mtu huamua kabla hajakaa, na macho yakiingia kwetu yanaona mambo matatu: vitu vingi, giza la ukumbini na ukuta wa bafu. Ukuta wa bafu una maji. Si mengi. Doa tu, ukubwa wa meza. Dalali kashauri niite fundi bomba. Nikamwuliza kama anajua kazi yangu. Mimi ni mchora mabango; nusu ya maduka ya mtaa huu yana herufi zangu. Mtu mwenye brashi haiti fundi bomba.

Kikwazo kimoja tu: Fundi Saa. Nyumba ya chini ni yake, na mlango wake uko chini ya ngazi, wazi kutwa. Kila mgeni wetu hupita mbele ya pua yake. Chumba chake cha kazi kiko chini ya bafu letu, na kwa miaka miwili amekuwa akidai kwamba tunamdondoshea maji. Kwa miaka miwili nimemjibu kwamba hilo ni jasho la nyumba yake, afungue madirisha. Hatusalimiani. Mama ndiye humsalimia, kutoka dirishani, naye hujibu kwa adabu zote, kunikomoa.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Kupunguza vitu. Dalali alisema mnunuzi anataka kuona sakafu, si historia ya ukoo. Nimesukuma chini ya kitanda changu masanduku manne, cherehani, redio tatu zisizosema, pazia za zamani na mkongojo wa Mama. Mkongojo unawakumbusha watu ngazi. Kitanda kimeinuka upande mmoja na nikilala damu inakwenda kichwani, lakini sebule inapumua.

Saa sita Mama akaita. Anataka kwenda msalani na mkongojo hauonekani. Nami nilishasahau nilipouweka. Tulipekua dakika kumi, Mama ameshikilia ukuta. Ulikuwa chini ya masanduku. Nimeufunga utepe mweupe ili usifanane na mkongojo.

Ukumbi una giza. Nimemwomba kinyozi kioo chake kikubwa hadi Jumapili. Akauliza wateja wake wajitazame wapi, kwenye beseni? Nimemwahidi bango jipya. Kioo kimeufanya ukumbi kuwa kumbi mbili. Tatizo dogo: juu yake pameandikwa NYWELE NA NDEVU kwa rangi nyekundu isiyotoka, na aliyeandika ni mimi. Nimetundika maua ya plastiki. Imebaki NDEVU tu, na ukisimama mbali haisomeki.

Jioni nimemweleza Mama kwamba keshokutwa wageni wakija akae kwenye kona ya sebule, penye kigae kilichopasuka, avae gauni la bluu, maana linaoana na pazia. Mama akaniuliza ni lini aligeuka chungu cha maua. Nikasema ni msaada mdogo tu. Akasema atakaa dirishani pake kama siku zote, na anayetaka kuona kigae akione. Mama hana moyo wa biashara.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Nimechora vigae bafuni. Ukuta mzima wenye doa: vigae mia moja na kumi na viwili, vyeupe, kila kimoja na mstari wa kijivu na kivuli chembamba upande wa chini. Nimetumia rangi ya mafuta, ileile ya mabango. Ukisimama mlangoni huwezi kujua. Nikamwita Mama. Akatazama weee, akasema ni kazi nzuri sana, kisha akauliza maji yamekwenda wapi. Nikamwambia yako nyuma ya vigae. Akasema mficha uchi hazai. Sikuona uzazi unaingiaje bafuni.

Saa tisa Fundi Saa akapanda. Miwani ameisukuma kwenye paji la uso, mkononi saa ya mteja, maji ndani ya kioo. Akasema limedondoka tone moja tu, katikati ya saa iliyokuwa wazi. Nikamwambia jasho la nyumba. Akasema jasho gani linalodondoka saa kumi na mbili na robo kila asubuhi, wakati ninapooga. Mtu wa saa huyu, hakosei dakika. Nikamwambia afungue dirisha. Akasema dirisha lake lina ukuta mbele yake tangu walipojenga ghala lile mwaka juzi, hata mwanga haupiti, sembuse upepo. Halafu akasema, taratibu kabisa, kwamba anayekuja kununua hapa atapita kwake kwanza, na yeye akiulizwa hajui kusema uongo.

Akashuka. Nimekaa sebuleni nikipiga hesabu. Huyu akifungua kinywa, mnunuzi hapandi. Mnunuzi asipopanda, Jumapili Mama anapakiwa garini, na mimi nabaki na vyumba vitatu na kioo cha kinyozi. Sitaki. Naandika hapa ili nisilazimike kulisema mbele ya mtu.

Kisha likanijia. Yeye ana maneno. Mimi nina maandishi. Watu huamini herufi nzuri. Nikachukua karatasi ngumu, wino mweusi, herufi zenye kivuli, na pambo la majani pembeni:

HATI YA BAFU KAVU. Mimi mwenye nyumba nathibitisha kwamba bomba la bafu hili halivuji na halijawahi kuvuja. Maji yoyote yatakayoonekana katika nyumba ya chini ni jasho la nyumba hiyo, na ni shauri la anayekaa huko, leo na siku zote.

Nikatia sahihi. "Leo na siku zote" niliiongeza mwishoni kwa sababu nafasi ilibaki. Iko kwenye fremu, mlangoni mwa bafu. Nimeisoma mara nne na nusura niiamini mwenyewe.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Wageni saa tano. Saa tatu nikapita mlangoni kwa Fundi Saa, nikamwambia kwa sauti ya mtu asiye na neno kwamba saa kubwa ya stesheni imesimama na wanamtafuta. Akanitazama. Akavaa koti, akachukua mfuko wake wa vifaa, akaenda. Stesheni ni saa nzima kwa miguu. Penye nia pana njia.

Nimetayarisha ngazi. Kipandio cha nane kigoda na maua, cha kumi na tano kigoda na jagi la maji, ili mtu asijue kama anapanda au anatembelea. Jikoni nimeinjika sufuria ya mdalasini, maana dalali alisema harufu ni nusu ya nyumba.

Wakaja: karani wa benki na mkewe. Karani alipofika kwenye kigoda cha pili akauliza kama watu huwa wanalala njiani. Nikacheka sana, peke yangu. Ukumbini wakasimama mbele ya kioo, mke akajirekebisha nywele. Nikaona hapo tumeshauza. Mama akawakaribisha kutoka dirishani. Mkongojo wenye utepe umeegemea kiti. Mke wa karani akauliza kama kuna harusi.

Bafuni yule mke akasoma hati kwa sauti. Akauliza kwa nini mtu aandike kitu kama hicho. Yeye hajawahi kuona hati ya jiko lisiloungua. Wakati uleule mdalasini ukaungua. Moshi ukajaa. Mke wa karani akarudi nyuma, akaegemea ukuta kwa mgongo, akikohoa, na mimi nilisimama pale nikiangalia vigae vyangu vikimhamia mwilini.

Rangi ya mafuta haikauki juu ya ukuta unaotoka maji. Nilijua. Nilisahau kwamba najua.

Vigae tisa, kwenye blauzi ya rangi ya maziwa, vimekaa sawasawa. Hakujua. Mumewe hakuona, kwa sababu kuanzia hapo nilitembea nyuma ya yule mama hatua kwa hatua, vyumba vyote, nikijipanua kama pazia. Akiingia naingia, akigeuka nageuka. Mumewe akaanza kunitazama vibaya. Jasho lilinitoka mpaka nikawa mimi ndiye ukuta. Tulishuka ngazi kwa mpango huohuo. Zilibaki hatua tatu tufike nje.

Fundi Saa alikuwa anarudi. Saa ya stesheni haikuwa imesimama. Akatupisha kwa heshima, akauona mgongo, akavua kofia.

"Samahani, mama," akasema. "Umebeba ukuta wa watu."

Hawakunirudishia hata kwaheri.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Dada kapiga. Nikamwambia wale wa jana wanajadiliana. Akauliza wanajadiliana nini. Nikasema rangi. Si uongo. Akasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikamjibu mimi sizibi wala sijengi, mimi napaka. Akanikumbusha kwamba gari lipo, limeshatiwa mafuta, na kitanda cha Mama kwake kimeshatandikwa.

Nilipoweka simu chini Mama alikuwa nyuma yangu. Nilidhani atanigombeza kwa ajili ya blauzi ya mke wa karani. Hakunigombeza. Akasema kwa Dada ni pazuri, watoto wana adabu, wanalisha vizuri. Lakini dirisha la chumba alichopewa linatazama tangi la maji, na yeye hamjui mtu hata mmoja wa kumwuliza habari za asubuhi. Akasema hataki makubwa. Anataka mlango. Akae mlangoni, aone nani kapita, nani kanenepa, nani kaacha kusalimia. Akiupata huo atakufa akiwa ameshiba. Kisha akaomba chai.

Nimemkorogea chai nikiwa naona aibu, na naogopa. Siogopi sana vitu, lakini hili naliogopa.

Kwa hiyo, akili. Ukuta ukikosa maji, rangi itakauka. Nimefunga koki kubwa ya nyumba nzima. Nimekwangua vigae vyote, nimepiga ukuta pasi ya moto, nimeuwekea feni kutwa, na jioni nimeanza kuchora upya. Maji ya kupikia na ya kuoga Mama nayateka kwenye bomba la uani kwa ndoo, vipandio ishirini na viwili, safari kumi na moja. Fundi Saa alikaa mlangoni kwake akizihesabu.

Katika safari ya kumi akasema tangu asubuhi dari yake haijadondosha. Nikamwambia hali ya hewa imebadilika. Akasema naam, huenda ni hewa.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Mnunuzi wa pili, na wa mwisho. Dereva mstaafu wa mabasi makubwa. Nilimngojea juu, ukuta umekauka kweli, vigae mia moja na kumi na viwili vinang'aa, sufuria ya mdalasini naichunga mwenyewe. Hakufika. Alisimama chini, akatazama ngazi, akazihesabu kwa kidole. Alipofika kumi akamwambia dalali magoti yake yalibaki kwenye klachi mwaka aliostaafu. Akaondoka bila kuona kioo.

Dalali akapanda kuniaga. Ana nyumba nyingine za kushughulikia, na mimi nimtafute nitakapoamua kuuza nyumba badala ya kuuza picha. Nikamwambia abaki anywe chai. Akabaki, kwa chai. Saa kumi. Nikaanza kupanga nitamwambia nini Dada. Mama alikuwa ameshaanza kukunja nguo zake, moja moja, juu ya magoti.

Mlango ukagongwa. Fundi Saa, viatu amevua, kofia mkononi. Nikajiandaa kwa jasho la nyumba. Akasema hakuja kwa mambo ya maji. Anataka kuona nyumba, kama mnunuzi, ikiwa inaruhusiwa.

Mtego, nikasema moyoni. Nikamfuata unyounyo. Hakutazama kioo wala maua. Akaenda moja kwa moja dirishani, akamwamkia Mama, akatoa mfukoni saa ndogo ya kike, akaifungua palepale na kuitazama kwa ile lenzi yake ya jichoni. Alikaa hivyo mpaka chai ya dalali ikapoa. Alipoinua kichwa macho yalikuwa yamelowa. Akasema ana miaka miwili hajaona meno ya gurudumu dogo bila taa. Lile ghala limemla macho, na mtu wa saa asiyeona anabaki kuwa mtu wa kuuliza saa.

Kisha akasema: nyumba kwa nyumba. Yeye aje juu, sisi tushuke chini. Hakuna nyongeza.

Mama akaacha kukunja nguo. Akauliza kama mlango wa chini unatazama barabarani. Fundi Saa akasema unatazama, mama, na una kibaraza. Mama akalikunjua tena lile gauni alilokuwa akilikunja.

Na mimi? Mimi nilikuwa najizuia kucheka. Huyu mtu amelia miaka miwili juu ya bafu hili, sasa anajitia ndani yake mwenyewe! Akaenda bafuni. Akaugonga ukuta kwa kidole, mkavu. Akasoma hati mara mbili, midomo ikienda. Akauliza kama hati inabaki na nyumba. Nikamwambia ni sehemu ya nyumba, kama mlango. Akaomba basi niitie sahihi tena mbele ya mashahidi, na niongeze mstari mmoja: anayekaa juu hatadaiwa kwa maji yoyote ya chini. Nikauongeza kwa herufi za kivuli, na jani moja zaidi. Dalali akatia sahihi. Mama akatia sahihi, akanitazama, akauliza kama nina hakika. Nikamwambia sijawahi kuwa na hakika kama leo.

Nikashuka kukagua kwake. Vyumba vitatu, sawa na vyetu. Kile cha nyuma, cha kazi, dari imepakwa rangi nyeupe mpya, bado inanuka. Amejitahidi anipendeze, mwanafunzi wangu. Ila hajui kupanga chumba. Meza yake ameibana kwenye kona, na katikati, mahali pazuri kuliko pote, hakuna kitu ila beseni. Nikamwuliza beseni la nini. Akasema la kunawia. Nikamwambia katikati ni pa kitanda. Akasema mawazo mazuri.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Dada kafika saa tano na gari na uso wa mtihani. Nikamkabidhi makubaliano ya kubadilishana nyumba, tuliyoandikiana jana, kabla hajakaa. Akasoma. Akavua miwani, akasoma tena. Akauliza kama Fundi Saa anajua habari za bafu. Nikamwonyesha hati kwenye fremu. Hiyo aliisoma polepole zaidi. Halafu akaniuliza nani atakaa chini ya bafu hili kuanzia sasa.

Nikamwambia asibadilishe mazungumzo.

Nilisubiri aseme neno la kuharibu mambo. Lakini alimtazama Mama, ambaye alikuwa ameshavaa gauni la bluu na ameshika mkongojo wenye utepe, akafunga mdomo wake. Akasema tumshushe.

Tulimshusha kwenye kiti chake cha mikono. Mimi nyuma, Fundi Saa mbele akirudi kinyumenyume, Dada pembeni akihesabu kwa sauti, maana kuhesabu ndiyo kazi yake. Mama alifumba macho. Mikono yangu ilikuwa na maji na nilijua nikiteleza yote yameisha. Kipandio cha saba Mama akasema tusimame. Akafumbua macho. Akakitazama kile kipandio kama mtu anayemtazama mdeni wake. Fundi Saa alikuwa anahema, mishipa imemtoka shingoni, hakusema tufanye haraka. Kisha Mama akasema haya, twende.

Tukamweka kibarazani. Alikaa tu. Mwuza mkaa akapita, akasimama, akamwambia mama umepotea. Mama akamwambia sikupotea, nilikuwa juu. Akacheka. Nikageuka kurekebisha mguu wa kiti, ingawa haukuwa na kasoro.

Dada kaondoka na gari tupu. Hata pongezi hakunipa. Naziandika hapa: pongezi.

Jumatano, tarehe 13 Machi

Tumemaliza kuhama. Kioo kimerudi kwa kinyozi. Mama amechukua chumba cha mbele, hatua nne kutoka mlangoni. Mimi nimechukua cha nyuma, kitanda katikati kabisa, chini ya dari nyeupe. Fundi Saa kahamishia meza yake kwenye dirisha letu la zamani. Kutwa tumemsikia akiimba. Jioni alifungua koki kubwa. Masikini, hajui kinachomngoja. Nilipomweleza Mama, akasema mchimba kaburi huingia mwenyewe. Nikamwambia ndiyo, lakini tusimcheke, ni jirani.

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Tone. Katikati ya paji la uso.

Nikadhani naota. La pili likaingia sikioni. Nikatazama juu: katikati ya dari nyeupe pana duara la manjano, na linakua. Juu yake Fundi Saa anaoga, anaimba.

Nikapanda vipandio vyote ishirini na viwili nikiwa na shuka. Akafungua mlango na taulo shingoni. Nikamwambia bafu lake linavuja. Hakubisha. Alinishika mkono kwa upole, akanipeleka hadi mlangoni mwa bafu, akanisimamisha mbele ya fremu. Sijawahi kuona herufi nzuri kiasi kile.

"Ni jasho la nyumba hilo," akasema. "Ukifungua madirisha litapungua."

Nikamwambia dirisha langu lina ukuta mbele yake. Akasema anajua.

Nilipomsimulia Mama alicheka mpaka akashika mbavu, akaniomba nirudie pale pa shuka. Miezi minne sijamsikia akicheka hivyo. Nilirudia. Sikuona kinachochekesha.

Ijumaa, tarehe 15 Machi

Dada, ambaye sijui nani humpa habari, kamtuma fundi bomba. Mzee, ana mfuko mmoja tu. Kakagua juu, kakagua chini, kasema ni kiungo kimoja kilichooza, kazi ya nusu asubuhi. Fundi Saa hana kinyongo. Kasema bafu liko wazi, hata leo, na chai atachemsha yeye. Sharti lake moja: niandike kwa mkono wangu kwamba bomba lilikuwa linavuja, tarehe na sahihi, aitundike karatasi hiyo pembeni ya hati.

Nimemrudisha fundi bomba. Mtu hawezi kutia sahihi kwamba halijawahi kuvuja leo na siku zote, na siku ya sita akatia sahihi kwamba linavuja. Herufi zangu zinategemewa mtaa mzima.

Na sihitaji. Nimelala chali nikiitazama dari, nikaona kosa langu lilikuwa wapi: vigae. Vigae vinataka ukuta mkavu. Mbao haziogopi doa. Mbao zenyewe zina madoa. Nitachora dari ya mbao, kahawia, na vifundo, na kila doa jipya nitaligeuza kifundo. Kisha nitasogeza beseni la kukingia matone chini ya kitanda, nitatandika zulia, na kabla mwaka haujaisha nitamwonyesha Fundi Saa chumba hiki kilivyopendeza mpaka aombe mwenyewe kurudi. Dalali nitamwita awe shahidi.

Mama anaita kutoka kibarazani. Kuna kigoda cha pili, anasema, jua limetulia, na watu wanapita. Nije nikae naye kidogo.

Nimemwambia baadaye. Nachanganya rangi.